Niliuza Maharage ya Mama Mkwe, Kumbe Nimeshapokea Shamba

Wapendwa wa ukurasa huu, poleni na majukumu. Admin nakuomba jina langu lisionekane, na ule mji mdogo ninaotaka kuhamia sitautaja, maana huku Mbinga tunajuana. Nina miaka thelathini na nane na watoto watatu. Kwetu ni ziwani, upande wa Liuli. Nilianza na beseni moja la usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, nauza nimekaa chini sokoni. Leo nina meza mbili. Mume wangu ni Mmatengo, ameajiriwa ofisini hapa Mbinga mjini. Tulichonacho tumekitafuta wenyewe, hakuna aliyetubeba.

Tunaishi watu watano kwenye vyumba viwili, kodi laki moja kwa mwezi. Watoto wawili wanaenda shule kwa bodaboda, elfu arobaini na nne, tena mishikaki, wamebanwa na wenzao kama mizigo. Mwaka huu nikasema basi. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa nazunguka na pikipiki yetu naulizia nyumba, nachungulia shule mpaka vyoo vyake, nawauliza wazazi walimu wanafundisha au wanashinda kwenye simu. Nikaupata mji mmoja kando ya lami, dakika ishirini na tano hadi sokoni. Nyumba nzima ya vyumba vitatu, bomba uani, elfu sabini. Shule iko ng'ambo ya uwanja wa mpira, na watoto wake wanafaulu. Mafuta ya kutuleta mimi na mume wangu mjini na kuturudisha ni elfu sitini na tano. Jumlisheni wenyewe. Naokoa elfu tisa tu, lakini wanangu wanapata chumba chao na wanaenda shule kwa miguu. Mwenye nyumba alitaka miezi sita, nikalipa. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni nikihesabu noti. Nikamuuliza, "Baba Tuma, tuko pamoja?" Akajibu, "Tuko pamoja."

Mwisho wa Novemba tukapanda milimani kwao, upande wa Litembo, kuwaaga wazee kwa heshima kabla ya kuhama. Nikampigia mama mkwe magoti, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanishika mikono, akauliza, "Mwanangu, yale maharage yalikuwaje?" Wakati wa mavuno alikuwa ametuletea gunia. Nikamjibu kwa furaha, "Mazuri mno mama! Nusu tumekula, nusu nimeuza, bei ilikuwa imechangamka."

Mama mkwe akaniachia mikono. Kisha shangazi wa mume wangu akapiga makofi, "Jamani! Mnyasa kapima shamba lake kwa kisado, kauza!" Wakacheka wote, mama mkwe peke yake hakucheka. Mimi nikacheka pia, nikidhani ni utani wa kawaida.

Shangazi ndiye aliyenieleza. Wamatengo wanalima mlimani kwa ngolo, mashimo yanayozuia maji yasibebe udongo. Wanaume wanafyeka na kupanga nyasi, wanawake ndio wanaochimba. Kumbe mwezi wa tatu baba mkwe alimkatia mwanawe eneo, la kujenga na kulima. Kwa kuwa mimi sikuwepo, mama mkwe mwenyewe akanichimbia ngolo zangu, na mgongo wake ule mbovu. Yale maharage yalikuwa mavuno ya kwanza. Kwa ukoo wao, mke akipokea mavuno ya kwanza bila neno, amelikubali shamba na atakuja kukaa. Mimi sikupokea tu. Nilipeleka sokoni.

Mume wangu alikuwa anajua tangu mwezi wa tatu! Njiani nikamsimamisha. "Ulinitazama nalipa kodi ya watu na mdomo umeufunga?"

Akasema, "Ningekwambia, ungepiga hesabu."

"Sasa hesabu ina ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba kwenye hesabu zako mama yangu hayumo. Kule tunakaa bure, Mama Tuma. Bure!"

Bure gani? Ile njia masika pikipiki inasukumwa. Shule ipo, na walimu wanajitahidi, lakini wanangu watashuka korongo na kulipanda karibu saa nzima, asubuhi na mchana. Na meza zangu nifungue saa ngapi, saa tano? Nilimwambia hayo yote, akageuka akaendelea na njia. Mpaka leo tunaongea habari za chumvi na sabuni tu.

Kinachonikera ni kwamba hasira yangu kwa mume ninayo, lakini kwa yule mama sina. Hajanitukana. Alimwambia tu binti yangu mkubwa, "Mama yako hakujua." Na mimi usiku nageukageuka, nikijumlisha inatoka ile ile, tuhame, halafu nakumbuka alivyoinuka kwenye kigoda akishika kiuno.

Sasa msimu wa mahindi umefika, na mahindi yanapandwa juu ya ngolo zile zile. Gari la kubeba vyombo nimeliagiza lije Jumamosi. Jana mama mkwe ametuma salamu kwamba Ijumaa anashuka mjini, ananiletea jembe jipya, kalitia mpini yeye mwenyewe, anataka kunifundisha kulima ngolo zangu. Mume wangu kaniambia, "Amua wewe," akatoka zake.

Maharage niliyapokea bila kujua. Hili jembe nalijua maana yake, na nikilishika sitaweza kusema sikuelezwa. Ndugu zangu, hasa nyie mlioolewa ukoo usio wenu, nisaidieni mawazo kabla ya Ijumaa. Yule mama akinyoosha mkono mlangoni kwangu, nilipokee jembe au nisilipokee?