Damu Isiyotaka Barafu

Kwa miaka ishirini na miwili Anastasie amebeba chanjo za mifugo kwa pikipiki kutoka Kasongo hadi Kabambare, na hajawahi kuharibu hata chupa moja. Ukitaka kumwudhi, gusa kasha lake la barafu. Watoto wa Lusangi, kijiji cha njiani, wakimwona huita "Mama Chanjo", naye hupunga mkono bila kugeuka, maana barafu inayeyuka.

Kwa hiyo Daktari Olga, aliyefika Kasongo kutafiti kifua kikuu cha ng'ombe, alipomwomba amletee damu ya ng'ombe kutoka Kabambare, Anastasie hakuona haja ya kusoma karatasi ya maelekezo mpaka mwisho. Damu ni damu. Aliichota, akaizika kwenye barafu, akaifikisha imezizima, na akajisifu kidogo.

Jumanne Olga alimwita. Kazi yenyewe ni hivi: damu hutiwa protini za mdudu wa kifua kikuu, ikalazwa kwenye joto kama la mwili mpaka kesho yake. Ng'ombe aliyeambukizwa, chembe zake za damu humtambua mdudu yule na kutoa protini ya kuitana, kama majirani wanaoitana mwizi akiingia. Protini hiyo hupimwa kwenye sahani yenye vishimo. Ikiwapo, kishimo hugeuka rangi. Sehemu moja ya damu huchokozwa kwa dawa kali, nayo lazima iitike, ng'ombe awe mzima au mgonjwa. Safari hii hata hiyo haikuitika.

"Mama, damu ulibeba namna gani?" Olga aliuliza.

"Mu barafu. Baridi kabisa."

"Chembe zilipaswa kufika hai, mama. Baridi imezinyamazisha."

Aibu ilimshika Anastasie hadi masikio yakawaka. Na afadhali ingekuwa aibu tu. Damu ile ilikuwa ya Tausi, ng'ombe mwenye mimba wa Mzee Ayoubu wa Kabambare, aliyekohoa mwezi mzima. Majirani walikuwa wameacha kunywa maziwa yake, na mzee alikuwa amesema wazi: jibu lisipofika, Jumamosi asubuhi anamchinja.

Angeweza kuisingizia barabara; barabara ya Kabambare imezoea kusingiziwa. Lakini Jumatano alipofika kwa mzee alisema yote akiwa bado ameshika kofia ya pikipiki.

"Mzee, ile damu ya kwanza niliharibu miye mwenyewe. Nilitia mu barafu."

Mzee Ayoubu alimkazia macho. "Weye? Mama Chanjo?"

"Miye."

Kisha akacheka mpaka akakohoa kumshinda Tausi. "Kumbe na weye uko mutu kama sisi. Kuja kesho asubuhi, nitamushika mwenyewe. Lakini Jumamosi haisogee."

Alhamisi alfajiri mzee alimshika Tausi pembe, na Anastasie akachota. Vichupa alivifunga kwa kitenge na kuviweka kwenye kasha tupu, ili jua tu lisivifikie. Alipofika Lusangi alisimama kunywa maji, na Rachida muuza vinywaji akaja mbio na mfuko wa barafu, kama anavyofanya siku zote.

Mkono wa Anastasie ulijinyoosha wenyewe. Miaka ishirini na miwili haiondoki kwa siku mbili. Aliurudisha.

"Leo hapana, dada. Leo inapenda joto."

Rachida aliguna, akadhani amemkosea kitu. Anastasie alimwonea huruma, lakini alipanda pikipiki akaenda.

Ijumaa alasiri alisimama nyuma ya Olga, amekunja mikono asije akagusa kitu. Kishimo cha damu iliyochokozwa kiligeuka rangi, kikakolea. Damu ilikuwa imefika hai. Kile cha kifua kikuu kilibaki cheupe. Walingoja muda wote uliopangwa, kikabaki cheupe vilevile.

"Kikohozi ni minyoo ya mapafu, nadhani," alisema Olga. "Dawa yake iko."

Anastasie alimpigia simu Mzee Ayoubu kwa furaha. Alieleza mara mbili: si kifua kikuu, dawa itakuja, na maziwa yachemshwe kama kawaida.

Upande wa pili zikasikika hatua, sufuria ikagongwa, mlango wa zizi ukafunguliwa.

"Mzee, uko?"

"Niko. Sikia."

Alikuwa ameiweka simu chini, karibu na sufuria. Anastasie aliibana yake sikioni na kusikiliza maziwa ya Tausi yakichuruzika, na mzee akimwita jirani yake alete kikombe.