Jumamosi za Mabatini

Kipindupindu kilipoingia jijini, kikosi chetu cha skauti kilipangiwa Mabatini, nami ndiye niliyekuwa kiongozi wake. Kila Jumamosi tulivaa skafu zetu, tukapita nyumba kwa nyumba tukigawa vidonge vya kutibu maji na kuwaonyesha watu namna ya kunawa mikono. Nilijua kusema. Hata wanaume waliokuwa wakicheza bao waliacha mchezo wakanisikiliza.

Mama yangu alikuwa kisiwani, Nansio, akiishi peke yake, akichota maji ziwani. Nilimpigia simu nikamsihi ayachemshe. Akasema kuni zimekuwa shida, na maji hayo ameyanywa tangu azaliwe. Nikamwahidi kumpelekea vidonge Jumamosi iliyofuata. Siku ilipofika, mwenzangu wa kunisaidia kuongoza akaugua malaria, nikaona siwezi kuwaacha vijana. Nikampigia tena.

"Mama, shikamoo. Nitakuja wiki ijayo."

"Marahaba. Haya, mwanangu, fanya kazi ya watu."

Hakukasirika. Laiti angekasirika.

Jumatano asubuhi kaka yangu, anayeishi upande wa pili wa kisiwa, alinipigia: mama ameharisha tangu jana, wamemkimbiza hospitali. Nilipanda meli ya kwanza niliyoipata. Tulipofika, kaka alikuwa gatini. Alinishika mkono, nikajua.

Nilitaka kumwosha mama. Mhudumu wa afya, binti mdogo kwangu, akanieleza kwa upole kwamba aliyekufa kwa kipindupindu haoshwi na ndugu. Nililifahamu hilo. Mabatini nilikuwa nimeiambia familia moja maneno hayo hayo, tena kwa upole ule ule. Nikasimama mbali, nikatazama watu nisiowajua wakimfunika.

Kesho yake vijana wangu walishuka melini wakiwa wamevaa sare. Sikuwa nimewaita. Waliweka ndoo za kunawia pale watu walipoingilia, wakachemsha maji ya msibani, wakahakikisha kila mwombolezaji amenawa. Jirani wa mama akaniambia nimewalea vizuri. Nilimshukuru, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Bado naongoza kikosi. Jumamosi tunatoka kama kawaida, na watu wananisikiliza. Ila tukifika kwa mama mtu mzima anayeishi peke yake, namwachia mwenzangu aongee.