Gari Lisilongoja Kujaa

Ipo siku moja ambayo hunirudia kila alizeti zinapochanua, nami nakusimulia mapema, mwanangu, kabla hujazaliwa. Mama yako ananicheka. Anasema baba gani huyu anayempa nasaha mtu ambaye bado anarusha mateke tumboni. Lakini mimi ni mtu wa kuwaza sana, na mwenye kuwaza sana huogopa kusahau.

Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya ugavi, ajira hakuna. Nikaamua kusafirisha mizigo ya haraka, peke yangu, bila utingo. Kilichobaki kilikuwa kuchagua gari, na hapo nikakwama miezi mitatu. Katika daftari langu ukurasa mmoja ulikuwa wa kirikuu, kale kagari ka mzigo kanakopenya kila kichochoro. Wa pili wa kenta, lori dogo. Wa tatu wa fuso, lori kubwa. Nilipima urefu wa bodi, matairi, dizeli, hata kivuli cha gari. Nilikaa kando ya Ziwa Singidani nikiwatazama heroe waliosimama kwa mguu mmoja majini, nikaona kwamba nao wameshindwa kuamua waushushe wapi wa pili.

Mjomba akanihurumia. Alikuwa anauza fuso lake, akanipa wiki moja nilijaribu. Mwanangu, ukikaa kwenye kiti kile kirefu unaona mashamba ya alizeti hadi mwisho wa dunia, maua yote yamekutazama wewe, na unasahau kwamba yanalitazama jua.

Siku ya tatu akapiga simu bibi yangu wa Kinampanda, mama mzaa baba. Akina mama wa kikundi chake walikuwa wameagiza vifaranga wa siku moja, maboksi manne, ambayo basi lingeyashusha stendi ya Singida saa mbili asubuhi. "Mume wangu msomi," akaniambia, maana ndivyo bibi wanavyotutania wajukuu, "nakuomba uwawahishe kabla jua halijakaa utosini."

Niliwapokea vifaranga wakilia kwa sauti moja laini, kama mvua inayonyesha mbali. Ndani ya fuso maboksi manne yalionekana kama punje nne ghalani, nikaona aibu kuondoka hivyo. Sisi tumekulia kwenye magari yanayongoja yajae; dereva anayeondoka tupu tunamwona ana wazimu. Nikapakia mabati ya mtu wa Iguguno, kisha nikangoja saruji ya mtu wa Kiomboi aliyesema yuko njiani. Nikavuta turubai ili vifaranga wapate kivuli, nikajituliza kwamba haraka haraka haina baraka. Mwenye saruji alifika saa saba.

Njiani nilikuwa kama mtu anayeota akiwa macho, kila kilima kikisogea taratibu. Kinampanda, njia ya kwa Bibi hupita katikati ya ua wa minyaa, na fuso halikuingia. Nikayabeba maboksi kichwani. Ndipo nilipogundua kwamba mvua ile ya mbali imekatika.

Akina mama sita walikuwa wakingoja uani. Niliwaamkia, na marahaba yao ilikuja imechelewa. Bibi akafungua. Zaidi ya nusu walikuwa wamekufa. Waliobaki walihema midomo wazi. Nikaanza kujieleza kwamba gari lilikuwa halijajaa, nikaitaja hata methali yangu.

"Hiyo ni methali ya mtu mwenye kesho," Bibi akasema, akiwaokota mmoja mmoja. "Hebu niambie, mume wangu. Unanunua gari, au unanunua kungoja?"

Mama mmoja akasema polepole kwamba mbegu yake ya mwaka mzima ndiyo ile. Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Nilirudisha fuso. Mjomba alisema tu kwamba ukubwa jalala, kila mtu hutupa chake. Nikachukua kirikuu, na mzigo wangu wa kwanza ulikuwa vifaranga niliowanunulia akina mama wale. Kirikuu kikapita katikati ya minyaa hadi mlangoni. Bibi hakufungua boksi kwanza. Aliliwekea sikio, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia niingie ndani nile.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze na gari, anza na mzigo. Uulize unaweza kungoja kiasi gani, na mlango unakoenda una upana gani. Ujiulize nawe kama, ukiwa peke yako, utaweza kuushusha bila kumwita mtu. Nafasi inayobaki nyuma si hasara kama umefika kwa wakati. Na ukishajua, funga daftari uwashe gari. Hilo bado najifunza.

Mungu akupe mizigo unayoiweza na njia zinazokutosha. Nawe usiwe na wasiwasi. Siku yako ya kuzaliwa ikifika, kirikuu kiko mlangoni, nyuma kitupu. Tutaondoka hivyo hivyo.