Sabuni ya Bibi

Mikono yangu ikinuka petroli, namkumbuka bibi mzaa mama. Alilazwa Bukoba, nasi tulimfuata kwa pikapu ya baba iliyopanda milima ikitweta. Tulipoupita mji mdogo wa Nkwenda, tangi la petroli likaanza kuvuja.

“Mama watoto, lete ile sabuni,” baba alisema.

Sabuni ilikuwa imeadimika madukani. Mama alikuwa amekificha kipande hicho kwa ajili ya bibi.

“Na mama yangu nitamwogesha na nini?”

“Kwanza tumfikie.”

Baba akailainisha, akaziba tundu. Tulipofika, mama akaingia chini ya gari na kisu, akaikwangua sabuni yote, akaenda kumwogesha bibi.

Bibi akanusa mkono wake. “Kumbe mmekuja na gari! Basi nirudisheni nyumbani.”

Nje, petroli ilikuwa ikidondoka mchangani.