Ukuta wa Ghala la Pamba

Ghala la pamba lilikuwa limelala miaka ishirini, na Mama Chokaa alipoingia na ndoo ya maji kichwani alinyata, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Mwanga ulishuka kutoka madirisha ya juu ukamwagika sakafuni kama maziwa. Vumbi lilielea bila haraka. Pamba iliyoondoka zamani bado ilinukia, au labda pua yake ndiyo iliyokataa kusahau.

Alikuwa binti wa fundi aliyepiga lipu kuta zile. Utotoni alimtazama baba yake akizima chokaa kwa maji, ikichemka bila moto, akajifunza kwa macho na mikono, maana shule hakuiona hata mlango. Kisha akaja kijana mmoja kujifunza kazi. Akajifunza nusu, akamwoa binti. Mzee alipofariki, kijana akamwacha binti, akaondoka na kazi na sifa za mzee. Sasa watu walimwita Bingwa, naye Mama Chokaa alibeba maji ya kuchanganyia saruji ya mtalaka wake. Uchungu ungekuwa chakula, angekufa kwa shibe.

Ghala lilikuwa linageuzwa maktaba. Msanifu wa majengo, binti mwenye kofia ngumu iliyomzidi kichwa, alitakiwa kulipatia jengo kazi mpya bila kuupoteza ukale wake. Bingwa alikuwa ameshampa ushauri.

"Tubomoe lipu yote, dada. Imeoza. Nakupigia saruji, wiki mbili tu ukuta unang'aa kama sahani."

Mama Chokaa alitua ndoo. Saruji juu ya mawe yale! Ukuta ule ulinywa unyevu na kuutoa, kama mtu anavyopumua. Saruji ingeuziba pua. Na kazi ya baba yake, ya mwisho iliyobaki duniani, ingekuwa kifusi kabla ya mchana.

"Haijaoza," alisema.

Bingwa alicheka. "Tangu lini ndoo ikaongea?"

"Tangu fundi alipokuwa kiziwi."

Vibarua wakaangua kicheko. Msanifu hakucheka. "Umejuaje, mama?"

"Nipe chaki, mwanangu. Na hawa wanyamaze."

Aliweka sikio ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole, shibiri kwa shibiri. Hiyo ndiyo nusu ya kazi ambayo Bingwa hakuwahi kuwa na subira nayo. Lipu iliyoshikamana na jiwe hujibu kwa sauti nzito. Iliyoachana nalo hulia kama mtungi mtupu, ingawa kwa macho huoni tofauti. Penye uhai alipita. Palipokufa alitia alama.

Saa zikayeyuka. Mistari ya mwanga ilitambaa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, naye akatambaa nayo, macho amefumba, hajui tena kama yumo ghalani au usingizini. Kiganja chake kilipita juu ya mawimbi madogo yaliyoachwa na mwiko wa baba, ambaye bega moja lilikuwa bovu na mkono wake ukilegea kila ufikapo mwisho. Alama za chaki zilikuwa chache: upande wa mvua, na kona moja chini ya mfereji wa paa.

Ikabaki sehemu ya juu ya mlango. Pale baba yake alichora ua kwa ncha ya mwiko, siku aliyozaliwa yeye. Alipanda jukwaa, akagonga.

Ukalia mtungi.

Akagonga tena. Mtungi.

"Mbona kimya?" Bingwa aliuliza kutoka chini. "Chaki imekwisha?"

Hakuna mwingine aliyesikia. Akinyamaza, ua litabaki, mpaka siku litakapomwangukia mtoto wa watu na kitabu chake mkononi. Na neno lake litakuwa jepesi sawasawa na la Bingwa.

Akatia alama katikati ya ua. "Hapa pamekufa," alimwambia msanifu. "Njoo usikie."

Msanifu alipanda, akagonga kwenye alama, kisha kando. Akagonga tena na tena, kama mtoto aliyepata ngoma.

"Tutabandua penye chaki tu," akatangaza. "Kwingine kote kutabaki. Na chokaa atazima mama."

"Huyu? Hajui hata kusaini!"

"Sijamwita kusaini."

Mama Chokaa alitarajia furaha, haikuja. Aliomba patasi, akaanza kulibandua ua kwa pembeni, taratibu, kama unavyomshusha mgongoni mtoto aliyelala. Lilitoka kipande kizima. Nyuma yake jiwe lilikuwa limevaa vumbi la kale. Halikufagiwa wala kuloweshwa. Kosa la mwanafunzi, lililofanywa na mzee ambaye angekuchapa kwa mwiko ukisahau maji.

Alikuwa na haraka, baba wa watu. Alikuwa anakimbilia nyumbani kumwona mtoto.

Akakaa juu ya jukwaa, ua mapajani, akacheka mpaka machozi yakachora njia kwenye vumbi la mashavu yake.