Chumvi ya Jiwe la Perpetua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, ingawa siku hizi hata majina ya wajukuu nayachanganya. Siku hiyo nililamba jiwe. Usicheke kwanza. Nakusimulia kwa sababu nimeona unavyokaa na hiyo simu yako ukitazama picha za wenzako walio ng'ambo, kisha unaiweka chini na kuwatukana kuku wasio na hatia. Uso huo naujua. Niliuvaa mimi kabla hujazaliwa.

Baba yangu na baba yake Perpetua walitoka Rwanda pamoja kutafuta vibarua vya kuchuma kahawa, wakapata vishamba hapa Nyakasimbi, wakajenga jirani. Mimi na Perpetua tulibatizwa siku moja, tukakaa dawati moja, na katika mitihani nilimshinda. Mengine yote unaweza kuyasahau, lakini hilo likumbuke: nilimshinda. Basi masista walipotafuta msichana mmoja wa kwenda kusomea uuguzi ng'ambo, wakamchukua yeye. Walisema ana moyo mpole. Mimi nilikuwa na ulimi, nikabaki na jembe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya vita. Sabuni ilitafutwa kwa magendo kule mpakani Murongo, na asiyeipata alifua kwa majani ya mpapai. Mimi nilikuwa huyo asiyeipata.

Mama yake Perpetua alikuwa mjane, na hakujua kusoma. Nilimwita maawe, kama tunavyowaita mama zetu huku. Kila barua ya mwanawe ilipofika parokiani, katekista aliita majina baada ya misa, na maawe akaja nayo mpaka nyumbani kwake, ameishika kwa mikono miwili. Kisha aliniita nimsomee. Kabla sijafungua bahasha, alitandika mkeka, akaleta kile kikapu kidogo cha kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, akanipa punje mkononi nitafune. Unajua maana yake. Huku kwetu watu walichanjana udugu kwa punje ya kahawa. Aliyetafuna kahawa kutoka mkononi mwako hakutendei ubaya. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nilitafuna.

Barua ya kwanza niliisoma yote, kwa haki. Perpetua aliandika kwamba mji ni mdogo, uko kando ya bahari ya baridi. Kuna njia ya mbao inayofuata ufuko, na wazee hutembea humo na mbwa waliovishwa makoti. Asubuhi maji huondoka yakaacha tope na ndege, jioni hurudi. Maawe alicheka hadi akajifuta machozi.

"Mbwa ana koti!" akasema. "Na Yustina wetu hana hata sweta."

Alisema kwa upendo, masikini. Alikuwa ananionea huruma. Lakini neno lile lilinichoma, na nilipokwenda kulima kesho yake nililima nalo. Mwenzangu anatembea juu ya mbao, upepo wa bahari unampepea, mimi natembea na ndoo kichwani kwenda kisimani na matope kati ya vidole. Alikuwa na nini nisichokuwa nacho? Nilimshinda hesabu! Nilimshinda Kiswahili! Usiku ule sikulala, na ugali wa asubuhi sikuumaliza. Wivu, mwanangu, haukuachi hata ule chakula.

Barua ya pili nikaanza kuruka mistari. Palipoandikwa, "Mama, nakukumbuka kila siku," niliruka. Palipoandikwa, "Msalimie sana Yustina, mwambie akaze moyo," niliruka kwa hasira zaidi, kana kwamba amenitukana. Sikuwa natunga uongo bado, nilikuwa napunguza tu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Majibu nayo niliyaandika mimi. Maawe alikaa akisema maneno mengi, mwambie avae nguo nzito, mwambie ndizi alizopanda zimezaa, mwambie nikisikia kengele ya jioni namwombea. Mimi niliandika: "Mama hajambo. Wote hawajambo. Soma kwa bidii." Kisha nikamsomea maawe yale aliyoyasema yeye, nikiangalia karatasi kama mtu anayesoma kweli.

Ikaja barua ya tatu, na ndani yake mlikuwa na jiwe.

Lilikuwa jeupe, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, laini ajabu. Lilinidondokea kiganjani nilipofungua bahasha, nikalifumba. Perpetua alikuwa ameandika: "Mama, kila jioni nikitoka kazini natembea ufukweni hadi kwenye mnara wa taa. Nikifika hapo nageukia upande ninaodhani ni wa kwetu, nakuamkia. Jiwe hili nimeliokota hapo hapo ninaposimama. Lishike, iwe kama umenishika mkono."

Mimi nikasoma hivi: "Mama, kila jioni natembea ufukweni na marafiki. Nimenunua viatu vipya. Nimeshazoea huku, msinisubiri upesi."

Maawe akaniuliza, "Basi?"

"Basi, maawe."

Aliutazama mkono wangu uliofumbwa, kisha akatazama nje. Nilidhani anatazama mbuzi.

Nilipofika nyuma ya migomba yetu nilifumbua kiganja nikalitazama lile jiwe. Sijui nilitaka nini. Nililitia mdomoni nikalilamba. Lilikuwa na chumvi. Nilisimama pale nikilia kwa kijicho, jiwe mdomoni, nikililamba mpaka likawa halina ladha. Kisha nikalifunga kwenye pindo la kanga, na tangu siku ile nilitembea nalo.

Miezi ikapita. Maawe hakuniita kuandika jibu. Aliwaambia watu, "Kama mtoto amezoea, tusimsumbue." Akakonda. Alipokwenda kuteka maji alipumzika mara mbili njiani, naye hakuwa mzee. Nami niliona, nikajiambia ni malaria.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili moja barua ikaja, maawe akaniita. Nikakaa. Mkeka ulikuwepo, lakini kikapu cha kahawa kilikuwa juu, kimening'inizwa kwenye boriti.

Nikafungua bahasha. Mistari ilikuwa michache: "Mama, mbona huniambii neno? Nimekukosea nini? Nisipopata sauti yako katika barua ijayo nitajua umenikasirikia, nami sitakuchosha tena."

"Usisome kwanza," maawe akasema. "Leo kahawa hakuna mpaka kile kitu kigumu kirudi."

"Kitu gani, maawe?"

"Sijui kusoma, Yustina, lakini vidole ninavyo. Ile bahasha niliishika njia nzima kutoka parokiani. Ndani mlikuwa na kitu kama punje ya kahawa. Nilikisikia kwa vidole vyangu. Nikasema, mwanangu amenitumia kitu. Ukafungua, kitu hakikutoka. Nikasubiri ukilete mwenyewe. Nimesubiri tangu mvua za vuli."

Mwanangu, kuna aibu inayokufanya utamani kupigwa. Nilifungua pindo la kanga mbele yake. Alilichukua jiwe, akaligeuza, akaliweka kwenye shavu. Kisha akalitia ulimini, kama nilivyofanya mimi.

"Wanasema bahari ni ya chumvi," akasema. "Hili halina kitu."

"Nilililamba mimi, maawe. Chumvi niliila mimi."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema, "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nakulisha kahawa." Kisha akaleta barua zote kutoka chini ya kitanda, akaniwekea mapajani. "Soma. Na leo usiruke."

Nilisoma mchana kutwa. Alipotaka kulia alilia, na kwa yule mbwa mwenye koti akacheka tena. Na hapo ndipo nilipokutana na mstari wa barua ya pili ambao nilikuwa nimeuruka kwa mdomo, na kumbe hata kwa moyo wangu niliuruka: "Natembea sana, Mama, kwa sababu nikikaa chumbani peke yangu nalia. Huku wanamsalimia mbwa, mimi hawanioni." Matembezi yale yaliyoninyima usingizi mwaka mzima yalikuwa matembezi ya mtu mpweke. Yalikuwa yameandikwa mbele ya macho yangu, na mimi niliyeshinda mtihani wa Kiswahili sikuyaona.

Jioni maawe aliniambia niandike. Maneno ya kwanza yalikuwa yangu: niliyoyafanya, moja baada ya jingine, na jina langu chini. Yaliyofuata yalikuwa yake, na sikupunguza hata moja. Nilipomaliza akatungua kikapu, akanipa punje. Nilishindwa kuimeza.

Barua za Perpetua zikarudi, ndefu kuliko mwanzo. Nilizisoma zote kwa sauti. Salamu zilikuja kwa majirani, kwa katekista, hata kwa mbuzi. Jina langu halikuwemo, na ni mimi niliyezisoma. Aliporudi kumzika mama yake, miaka ya tisini imeshaanza, alikuta jiwe lile mkononi mwa marehemu, maana ndivyo alivyoagiza. Baada ya matanga alikuja kwangu. Nikamwekea mkeka na kikapu. Alikitazama kikapu muda mrefu, mwanangu, nami nikajua naweza kufa pale pale. Kisha akachukua punje moja, akatafuna. Hatukusema mengi. Hata leo huniletea salamu, lakini jiwe hajawahi kunitumia, nami sijaomba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nakuambia. Wivu husoma barua ya mwenzio kwa kuruka mistari. Unakusomea viatu, unaruka machozi. Kila picha unayoitazama kwenye simu hiyo ina mstari ambao hujausoma, na mwenye picha ana mama anayesubiri. Ukiona kijicho kinakuja, usikifiche mkononi kama nilivyoficha mimi, kiseme kwa mtu anayekupenda kingali kidogo. Na ukiaminiwa kubeba neno kati ya watu wawili, lifikishe zima, hata likikuchoma.

Mungu akupe cha kwako, akupe na furaha ya kuona cha mwenzio. Safari ikikufikia, akulinde huko uendako. Na ukifika kwenye hiyo bahari, mwanangu, niokotee jiwe moja. Usilisafishe.