Nguo za Harusi ya Kanyangi

Nzisa wa Kambu hakuwa mtu wa kusahau. Wenzake sokoni walilisema hilo kwa utani, lakini aliyewahi kumkosea hakuona utani wowote. Dereva mmoja wa lori alichukua suruali aliyotiliwa zipu akaenda zake bila kulipa. Mwaka uliofuata, aliposimama tena Kambu kula chakula cha mchana, Nzisa alimfuata hotelini, akasimama kando ya meza na kumtazama akila, bila neno, mpaka yule bwana akashindwa kumeza. Alilipa. Nzisa akarudi kwenye cherehani yake ameridhika kana kwamba yeye ndiye aliyekula.

Kwa miaka mingi alishonea watu wa pale pale: sare za shule, magauni ya kwaya, mapazia ya nyumba za wageni zilizo kando ya barabara ya Mombasa. Kisha mpwa wake akamfungulia ukurasa wa mtandaoni, picha zikawekwa, na oda zikaanza kuingia kutoka miji ambayo Nzisa hakuwahi kuikanyaga. Ukurasa huo ulipokea malipo kwa kadi ya benki. Mzigo ulisafiri kwa basi. Vitambaa alivikopa kwa Abdiya, mama wa Kisomali mwenye duka mlango wa pili, aliyemwamini kuliko ndugu wa tumbo moja.

Siku moja akapigiwa simu na mwanamume mwenye sauti tamu. Alijitambulisha kuwa Munyao.

"Dada yangu, ndugu yangu Kaloki anaoa kwetu Kanyangi, na mimi ndio mwenyekiti wa kamati ya harusi. Nimeona kazi yako kwa mtandao. Nataka hao wasichana wang'ae mpaka watu waulize huyu fundi ni wa wapi."

Alitaka nguo za wasimamizi wote wa bibi harusi, pamoja na ya kitoto cha kubeba maua. Akalipa siku hiyo hiyo kwa kadi, zote, bila hata kuomba apunguziwe. Nzisa akamwona mtu wa maana sana.

Akashona kwa moyo wake wote. Kitenge kilikuwa cha zambarau, chenye maua ya manjano, na pindo zote alizipiga kwa mkono. Ndani ya kila pindo akaacha alama yake, mishono michache ya uzi mwekundu ambayo haionekani mpaka nguo igeuzwe. Kigauni cha mtoto alikitia mkanda mpana wa kufunga nyuma kama kipepeo. Mzigo ukaenda kwa basi hadi Kitui mjini, Munyao akausaini mwenyewe, kisha akatuma ujumbe: "Tumepokea. Mungu akubariki sana."

Haikupita muda, kampuni ya malipo ya mtandaoni ikamwandikia. Mwenye kadi alikuwa amelalamika kwamba mzigo haukumfikia. Kwa hiyo pesa zilikuwa zimetolewa kwa Nzisa, akarudishiwa mwenye kadi.

Nzisa alidhani ni makosa. Akampigia Munyao.

"Mama, hayo ni mambo ya benki," Munyao akasema. "Mimi najua nini?"

"Si ulisaini mzigo? Si uliniandikia mmepokea?"

"Nilikuandikia mimi? Simu yangu hushikwa na watu wengi." Kisha akacheka. Hakikuwa kicheko cha aibu. Kilikuwa cha mtu aliyeketi mbele ya televisheni, timu yake ikifunga bao. "Kama umeona nimekuibia, si uende kotini! Tukutane huko."

Akakata simu, akamfungia namba.

Mpwa wake akamsaidia kukusanya ushahidi. Walipiga picha risiti ya basi na ule ujumbe wa baraka, wakatuma. Jibu lilipokuja, lilikuwa la adabu sana. Risiti ya basi haikutosha. Walitaka namba ya kufuatilia mzigo kutoka kwa msafirishaji wanayemtambua. Kesi ilikuwa imefungwa. Nzisa alitafuta jina la mtu chini ya barua ile, apate angalau wa kugombana naye, asilione.

Abdiya alimkuta ameketi mbele ya cherehani, mikono mapajani.

"Mama Mutie," akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, "ya vitambaa usijali, nitangoja. Huyo mtu mwachie Mungu."

"Mungu ako na kazi mingi," Nzisa akajibu. "Hii moja nitamsaidia."

Tangu hapo aliishi na kile kicheko. Alikisikia akikanda unga, akafua nguo nacho, akaenda nacho kanisani, na wimbo ulipoimbwa kikapanda juu ya sauti za kwaya. Alimwazia Munyao mambo ambayo hangeweza kumtajia mchungaji. Kujua pa kumpata mtu huyo hakukuwa kazi, kwani Munyao mwenyewe, wakati wa maneno matamu, alikuwa amemtumia kadi ya mwaliko ili rangi za nguo zifanane nayo. Siku ilikuwa hapo, kanisa lilikuwa hapo, hata namba ya simu ya Kaloki, bwana harusi, ilikuwa hapo. Angeweza kumpigia Kaloki, wakayamaliza. Hakupiga. Alitaka harusi ifike.

Siku yenyewe alivaa vazi lake zuri kuliko yote, akafunga katoni tupu kwa karatasi ya zawadi inayong'aa, akavuka kutoka kaunti yao ya Makueni kwenda ya Kitui. Alipofika Kanyangi, ibada ilikuwa imekwisha na watu walikuwa chini ya mahema nje ya kanisa. Hakuna aliyemuuliza yeye ni wa upande gani. Mwanamke aliyebeba zawadi harusini ni mgeni wa mtu.

Kisha muziki ukapigwa na wasimamizi wakaingia wakicheza.

Nzisa hakuwa amejiandaa kwa hilo. Nguo zilikaa. Zilizunguka wasichana wale walipozunguka, zikatulia walipotulia, na mbele yao kitoto cha maua kilikuja kikigeuka nyuma kila mara kutazama kipepeo chake. Akina mama walipiga vigelegele. Jirani yake kwenye viti akanong'ona, "Hizo nguo zimeshonwa na mtu anajua." Nzisa alitaka kulia kwa fahari, na kwa sababu hiyo akazidi kuchukia.

Munyao hakuwa mgumu kumtambua. Alivaa suti ya kijivu yenye ua kifuani, akipita huku na huku kutoa amri, akikaribisha wazee kwa ile sauti tamu. Nzisa akamfuata karibu na jiko ambapo pilau ilikuwa ikipakuliwa.

"Munyao, habari yako. Mimi ni Nzisa, fundi wa Kambu."

Uso wa mtu yule ulibadilika mara moja. Akamshika mkono, akamvuta nyuma ya hema.

"Mama, tafadhali. Tuongee pole pole. Kulikuwa na shida kidogo ya benki." Tayari alikuwa ametoa simu mfukoni. "Nakulipa sasa hivi. Zote. Naongeza na nauli, naongeza na ya usumbufu. Nipe namba."

Hapo ndipo mtu mwingine angeipokea pesa yake, akala pilau, akarudi nyumbani. Nzisa alimtazama jasho likimtoka chini ya kola.

"Rudisha simu mfukoni," akasema.

"Sasa unataka nini?"

"Nataka ucheke."

"Nini?"

"Ucheke vile ulicheka siku ile. Lakini mbele ya watu wenu."

Akamwacha amesimama pale. Wakati wa zawadi ulipowadia, Nzisa alijipanga na wengine, akasogea akicheza na katoni yake kichwani, na zamu yake ilipofika MC akampa kipaza sauti awasalimu maharusi.

"Bwana asifiwe," akaanza.

"Amina," umati ukaitikia.

"Mimi naitwa Nzisa, natoka Kambu. Ndio nimeshona nguo za hawa mabinti. Anayebisha, ageuze pindo moja, ataona uzi mwekundu ndani." Msimamizi mmoja akainama, akageuza, akainua macho kwa mshangao. "Zimependeza?"

"Zimependeza!"

"Hazijalipwa."

Nzisa akaeleza yote bila kupayuka: kadi, mzigo uliosainiwa, pesa zilizorudishwa, kicheko. Mzee Musyimi, mweka hazina wa kamati, akainuka pole pole akiegemea meza.

"Mama, kuna kitu hapo hakiko sawa. Pesa ya hizo nguo ilichangwa na hawa watu wote. Nilimpatia Munyao mkononi mwangu, taslimu."

"Basi aliweka mfukoni, akalipa na kadi yake, akajirudishia ya kadi pia," Nzisa akasema. "Munyao, kuja hapa. Kuja ucheke."

Munyao alikuja, lakini kunyang'anya kipaza sauti. Wanaume wawili wakamzuia. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma kwamba aliuza mbuzi kwa ajili ya mchango ule. Mwingine akauliza kuhusu pesa ya hema. Mama yake Munyao akajifunika uso kwa leso. Kaloki alimtazama kaka yake, na Munyao akatazama viatu vyake. Nzisa alisimama katikati ya haya yote na kifua chake kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu ile simu ikatwe. Kila sauti iliyomshambulia Munyao ilikuwa tamu kwake.

Ndipo bibi harusi akasimama. Jina lake Kaveke.

"Wasichana," akawaambia wasimamizi wake, "ingieni kwa nyumba ya mchungaji mvue."

"Kaveke, ngoja," Kaloki akasema.

"Sitaanza ndoa yangu nguo za wizi zikiwa kando yangu. Mvue."

Walirudi kila mmoja amevaa alichokuja nacho asubuhi, mmoja wao sare ya shule. Wakaziweka nguo miguuni mwa Nzisa, moja juu ya nyingine. Kitoto cha maua kilikataa. Mama yake akafungua kile kipepeo papo hapo huku mtoto akipiga mayowe, akamwacha na fulana.

"Zawadi yako pia chukua," Kaveke akamwambia Nzisa.

Nzisa hakuwa amelifikiria hili. Angeweza kusema baki nazo. Mdomo wake ulikuwa karibu kusema. Lakini Munyao alikuwa akimtazama, na akaona kwamba akilainika, mtu yule atapata mahali pa kupumulia. Akainama, akazikunja nguo zote, na ile ndogo pia, akaondoka katikati ya watu waliomwachia njia pana kuliko ilivyohitajika.

Baada ya majuma kadhaa Kaloki alifika Kambu kwa gari la kuazima. Alileta pesa kamili. Alisema Munyao ameuza pikipiki zake kurudishia kamati, ametolewa katika uongozi wa vijana kanisani, na kwa mama yao hafiki tena. Nzisa akampa nguo zikiwa zimepigwa pasi. Kaveke alikuwa ndani ya gari, hakushuka wala hakugeuza uso.

"Ungenipigia tu, mama," Kaloki akasema. "Namba yangu ulikuwa nayo. Ningelipa."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Ungelipa wewe. Yeye angeendelea kucheka."

Kaloki akazipakia nguo garini. Gari likarudi barabarani.

Abdiya alilipwa vitambaa vyake, na oda zikaongezeka, maana mgeni mmoja alikuwa amerekodi mambo yote kwa simu na video ikatapakaa kote Kitui na Makueni. Sasa Nzisa hatumi mzigo bila namba ya kufuatilia, na wateja hawamchezei. Video ile anayo mwenyewe. Mchana, kazi ikipungua, huitazama, humwona Munyao akitazama viatu vyake, na moyo hutulia. Ila huisimamisha hapo, kabla wasichana hawajarudi kutoka nyumba ya mchungaji.